Shoka la Mama Mikono

"Naweka dau," alisema Domo, akijipiga kifua mpaka vumbi la makaburini likatoka kwenye shati. "Kichwa cha ng'ombe kizima, na ulimi wake ndani. Nikimaliza kuwasimulia maisha ya mama yangu, hakuna hata mmoja hapa atakayeamini. Akitokea wa kuamini, kesho asubuhi aje mezani kwangu na gunia."

"Kichwa chenyewe cha lini?" aliuliza Kingunge, mkubwa wa wauza nyama wote pale sokoni, bila kuinua macho kutoka kwenye kikombe chake.

Watu wakacheka, ingawa walikuwa ndio kwanza wametoka kuzika. Ndivyo alivyo Domo. Anauza vichwa, kwato na matumbo, na mdomo wake hauna breki. Shule aliikimbia mapema. Ukimuuliza, atakwambia walimu walikuwa wanamwonea wivu. Ukimwita kwenye harusi ataongea kuliko bwana harusi, na ukimwita kwenye msiba utasahau ni nani amekufa.

Lakini siku hiyo hakuna aliyesahau. Walikuwa wamekaa kwenye ua wa nyuma wa nyumba ya marehemu, wazee wa mabucha kwenye viti vya plastiki, wajukuu chini kwenye jamvi, na Domo juu ya ndoo iliyogeuzwa, ile ile aliyokuwa anakalia mama yake akinoa visu. Shoka la marehemu lilikuwa limeegemezwa ukutani. Mpini wake ulikuwa mweusi, unang'aa kwa mafuta ya miaka. Dada yake Domo alikuwa pembeni kwenye beseni, anaosha vikombe, na binti yake, Kijiti, anavifuta. Dada hakucheka. Huyo ni mtu wa maneno machache. Domo husema mama yao alizaa mdomo mmoja tu, na akampa yeye.

"Haya," alisema Domo. "Tuanze na damu, maana maisha ya mama yangu yalianza na damu."

Baba yao alikuwa na bucha. Kidole gumba cha mkono wa kushoto hakuwa nacho, alikikata mwenyewe pamoja na mbavu za ng'ombe, kimya kimya, asubuhi moja alipokuwa anawaza mambo mengine. Lakini kilichomuua si shoka. Alikwenda machinjioni kuchagua nyama, fahali mmoja akakata kamba. Fahali yule hakukimbia. Alitafuta mtu. Alimpiga baba yao pembe chini ya mbavu, akamnyanyua, akazunguka naye kama mtu aliyebeba nguo mbichi na hajui pa kuzianika. Watu walipomwangusha yule fahali kwa nondo, baba alikuwa ameshakwisha.

"Mama alikuja mbio. Mimi nilikuwa tumboni, nilisikia kila kitu."

"Ulisikia nini wewe, ulikuwa na masikio?" alidakia mzee mmoja.

"Mzee wangu, mimi masikio yalitangulia. Muulize Dada."

Dada alisuuza kikombe.

Mama yao hakupiga kelele. Aliomba shoka la mumewe, akamwendea yule fahali pale chini, akamkata kichwa. Mapigo hayakuhesabika, maana hakuwa amewahi kushika shoka, na tumbo lilikuwa kubwa. Mifupa ilimrukia usoni. Alipomaliza alikuwa mwekundu kuanzia nywele mpaka vidoleni. Akawaambia wachinjaji, "Huyu nyama yake ni yangu. Nisaidieni kupakia." Kesho yake akafungua bucha, akamuuza muuaji wa mumewe kwa vipande.

"Uongo!" walisema wajukuu, macho yamewatoka.

"Mnaona? Dau langu linanukia."

Kingunge alikohoa. "Hilo ni kweli," alisema. "Nilikuwepo."

"Na tena huyu Kingunge," Domo alisema, akamnyooshea kidole, "waulizeni wakubwa kwa nini pua yake inaangalia duka la jirani."

Hapo hata Kingunge alicheka, akiishika ile pua. Siku zile hakukuwa na mwanamke aliyesimama kwenye gogo la nyama. Wenye mabucha wakakaa kikao, wakasema huyu mjane atatuharibia kazi. Wakaja wanne, Kingunge mbele, kijana wa kifua na misuli. Walishusha paja zima kwenye ndoano wakalitupa kwenye mtaro wa maji machafu. Wakageuza mzani miguu juu. Mmoja akamsukuma Mama, na yeye mimba hiyo, akagonga kisogo ukutani.

Mama aliinuka. Shoka hakulishika, hata siku zile alikuwa na akili. Alichukua mguu wa ng'ombe, ule wa chini wenye kwato, akaanza kazi. Wa kwanza alimpata kwenye goti, akakaa. Wa pili alimpata mdomoni, akatema meno kama mtu anayetema mbegu. Wa tatu alikumbuka ana shughuli nyingine. Kingunge alibaki kwa sababu ya jina lake, na jina lake likamponza: kwato ilimfika katikati ya uso, akaanguka ndani ya mtaro, juu ya lile paja alilolitupa yeye mwenyewe.

"Akasimama pale ukingoni," Domo alisema, "akaniambia mimi tumboni..."

"Akaniambia mimi," Kingunge alimkata. "Alisema, 'Kaka, ukitoka humo toka na nyama yangu, na uioshe.'"

"Ukaiosha?" aliuliza Kijiti.

"Mwanangu, niliiosha mara mbili."

Tangu siku hiyo bucha likawa lake. Na hapo ndipo alipopata jina. Kwa sababu ya kile kidole gumba cha mumewe, alijiwekea sheria: kabla shoka halijashuka, lazima aite. "Mikono!" Ukisikia hivyo, mkono wako uwe kwapani. Aliyeshika shoka ndiye anayeita, si mwingine, asiyeita hakati. Msaidizi mmoja aliwahi kukata bila kuita, akapigwa kwa ubapa wa kisu mgongoni, akafukuzwa na aproni yake. Sauti ya Mama ilikuwa inatoka huko chini tumboni, inavuka soko zima. "Mikono!" halafu "tap!" Wauza nyanya walikuwa wanajua saa kwa sauti hiyo. Mabucha mengine yakaiga, na yeye akabaki kuitwa Mama Mikono.

Aliwalea wawili kwa mifupa na makofi. Domo alichapwa kwa kuiba maini, kwa kusema uongo kuhusu maini, na kwa kurudishia maini ya mtu mwingine. Dada hakuchapwa sana. Dada alikuwa anajua kazi: akiwa bado msichana mdogo angeweza kuvua nyama kwenye mfupa mpaka mbwa aone haya kuuchukua. Mama alikuwa anamwangalia akikata, anatikisa kichwa, hasemi kitu, na kwa Mama hiyo ilikuwa sifa.

Halafu Dada akaolewa na Fundi Bomba.

Domo alitema mate pembeni alipofika kwenye jina hilo. Alikuwa fundi wa mabomba ya maji, mtanashati, viatu vinang'aa, mwenye salamu nzuri. Alimwita Mama "mama mkwe wangu kipenzi" na akamrekebishia bomba la bucha bila malipo. Miezi michache baadaye Dada akaja na taya limevimba.

"Nimeteleza bafuni, Mama."

"Bafu gani hilo lina vidole vitano?"

Alama za vidole zilikuwa pale shavuni. Lakini Mama, mwanamke yule aliyempasua Kingunge pua, alifanya nini? Alimkanda kwa maji ya moto, akampa nyama ya kwenda nayo, akamwambia, "Rudi, mwanangu. Ndoa changa ina mikwaruzo. Vumilia." Dada akarudi, akamzaa Kijiti. Aliporudi tena kwa Mama alikuwa amebebwa kwenye toroli la mchanga. Mbavu mbili zilikuwa zimevunjika, na ile mimba ya pili aliyokuwa nayo ilikuwa imetoka njiani. Fundi Bomba alikuwa amemkanyaga na vile viatu vinavyong'aa.

Kijiti aliacha kufuta kikombe.

"Na hata hapo," Domo alisema, sauti imeshuka kidogo, "yule bwana alikuja hospitali na ndugu zake, wakapiga magoti, wakalia machozi ya mamba wakamrudisha. Kwa sababu Kijiti alikuwa kwao. Walikuwa wamemshika mtoto. Dada angefanya nini?"

Siku hiyo Mama alirudi bucha, akakata ng'ombe mzima bila kumwambia mtu neno, zaidi ya "Mikono!" Jioni alimwambia Domo, "Kaazime mkokoteni. Kesho tunakwenda kumchukua dada yako na mtoto. Na nakuapia, mwanangu, wakishatoka kwenye nyumba ile, hawarudi tena. Mpaka nife, hawarudi."

Hapo Domo alisimama juu ya ndoo. Hii ilikuwa sehemu yake.

Walifika asubuhi. Domo alibaki nje na mkokoteni, kulinda njia ya kutokea, na kazi hiyo, kwa maelezo yake, ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote. Mama aliingia. Kidogo tu, nyumba ikaanza kuongea. Kiti kilivunjika. Sufuria liliruka dirishani, linapepea. Fundi Bomba alikuwa anatukana matusi ya nguoni, mtoto analia, halafu pakasikika kishindo kizito, bomba la chuma likipiga kitu, kama mtu anayepiga godoro kutoa vumbi. Mara mbili. Halafu Fundi Bomba mwenyewe akalia kama mbuzi.

Mlango ukafunguka. Mama akatoka, Kijiti kwenye mkono wa kushoto, Dada nyuma yake hana viatu, mdomo umepasuka. Ndani Fundi Bomba alikuwa chini amekumbatia paja. Mama alikuwa amemng'ata nyama ya paja, pande la kutosha kuweka mzani.

"Na Mama hata mkwaruzo hana!" Domo alipiga kelele. "Hata mkwaruzo! Alitembea mbele ya mkokoteni, mkono wa kulia ameukunja kifuani kama mtu anayesikia baridi, na jua linawaka. Maringo hayo! Nikamwambia, Mama nisaidie kusukuma. Akanijibu, 'Sukuma wewe, mimi leo ni malkia.'"

Wajukuu wakapiga makofi. Dada alikuwa ameacha kuosha. Mikono yake ilikuwa ndani ya maji, imetulia.

Siku zilizofuata Dada na Kijiti walikaa kwa Mama, wanalala chumba kimoja, mchana wanashinda bucha. Mama alilisogeza gogo la kukatia nyuma kabisa, nyuma ya mapande yanayoning'inia, akisema wateja wanalalamika vipande vya mifupa vinawarukia. Mteja akitaja anachotaka, Mama anapotea nyuma ya nyama. "Mikono!" Halafu "tap!" Halafu anatoka na mfuko. Meza ya Domo ilikuwa upande wa pili wa ukuta wa mabati wa bucha lile, kwenye karo la kuoshea matumbo. Kuona hakuona kitu, lakini kusikia alisikia kila kitu, na alikuwa anajisifu kwa wateja: sikilizeni mama yangu anavyokata, pigo moja tu, siku hizi amekuwa hodari zaidi.

Fundi Bomba alituma wazee, Mama akawafukuza. Alituma barua, Mama akafungia utumbo. Basi siku ya soko kubwa, watu wamejaa, akaja mwenyewe akichechemea, amelewa, na ndugu zake wawili. Ndugu walisimama mlangoni kuzuia watu. Yeye akapita katikati ya nyama zinazoning'inia, anazisukuma kwa mabega.

Na Domo alikuwa karoni, mikono imezama kwenye tumbo la ng'ombe, sikio kwenye bati.

"Nipe mtoto wangu," Fundi Bomba alisema.

"Mtoto hatoki," Mama akasema.

"Basi namchukua mwenyewe. Na mama yake leo namaliza kazi niliyoianza."

Kijiti akapiga kelele. Yule bwana alikuwa ameegemea gogo, kiganja kimekaa palepale pa kukatia, mkono mwingine ananyoosha kumvuta mtoto aliyejificha nyuma.

"Mikono!" Sauti ya Mama ilivuka soko. Wauza nyanya waliisikia. Kingunge aliisikia kutoka bucha lake, watu watatu wa bucha la kona wakarudisha mikono yao kwa mazoea, na nyama yao hata haikuwa ya kukatwa.

Fundi Bomba alicheka. "Mikono ndiyo hii! Utafanya nini, bibi kizee?"

Tap.

Domo aliwaacha wasikilizaji na ukimya huo, maana anajua kazi yake. Halafu akawaeleza mlio uliofuata. Alisema amesikia ng'ombe, mbuzi na nguruwe wakichinjwa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulia vile. Vidole vitatu vilibaki kwenye gogo. Cha nne kilianguka karibu na mguu wa Kijiti, kikatulia pale na kucha yake. Damu iliruka ikapaka nyama zote zinazoning'inia, na siku ile nyama yote ilitupwa.

Mama akatoka mbele, pazia la nyama likafunguka, damu mpaka kifuani. Shoka alikuwa amelishika kwa mkono wa kushoto, kirahisi, kama mtu aliyeshika mwiko. Ndivyo alivyokuwa na nguvu! Akawaangalia watu wote.

"Si mmenisikia?" alisema. "Nimeita."

"Tumekusikia, Mama!" soko likajibu.

Ndugu wawili wakamrukia. Hapo ndipo vita vyenyewe vilipoanza. Kingunge alikuja na wenye mabucha wote, walewale waliotaka kumfukuza zamani, wakaingia na ndoano na mbao za mizani. Ndugu mmoja alivunjwa mkono kwenye kiwiko, ukabaki unacheza upande usio wake. Mwingine alizamishwa kwenye karo la matumbo mpaka akanywa. Domo mwenyewe alipigana na watu watatu kwa kichwa cha ng'ombe, akikishika pembe.

"Wewe ulikuwa chini ya meza," Kingunge alisema.

"Nilikuwa nawavizia!"

Polisi wakaja, wakamkuta Mama amekaa kwenye ndoo yake, hii hii, shoka mapajani, anawasubiri.

Mahakamani ilikuwa raha tupu. Fundi Bomba alifungwa bandeji nene kama mkate. Hakimu alipomuuliza nani amekukata, alisema nini? "Mke wangu." Akaapa na kulia. Mke wangu ndiye aliyekuwa na shoka, yule mama alikuwa amesimama pembeni! Mahakama nzima ikacheka, mpaka karani akaficha uso. Maana kila shahidi alisema lile lile. Kingunge aliapa, wauza nyanya waliapa. Domo aliapa kwa sauti kuliko wote: nilimsikia mama yangu kwa masikio yangu akiita, na mwenye kuita ndiye mwenye shoka, ni sheria ya kazi yetu, mtu hawezi kuita kwa ajili ya shoka la mwenzake. Hata akamgeukia Fundi Bomba: "Shemeji, vidole umepoteza, na aibu umepoteza pia?"

Na Mama alipoulizwa, alisimama akasema, "Shoka langu. Gogo langu. Sauti yangu. Andika."

Hakimu alisema kuita hakutoshi, ulipaswa kusubiri mkono uondoke. Akamfunga. Alikaa jela miaka, akapigana huko pia: mnyapara mmoja wa wafungwa alitaka kumnyang'anya blanketi, wakang'oana meno. Mama aliacha mawili, yule aliacha manne, na blanketi likabaki kwa Mama. Dada akaendesha bucha peke yake. Fundi Bomba hakukanyaga tena soko lile, wala ndugu zake. Walikuwa wakiisikia sauti ya "Mikono!" hata ya bucha lingine, wanavuka barabara. Kijiti akakua, akasoma, akajifunza ushonaji, akaolewa na mtu mpole mpaka anachosha.

"Na Mama akatoka, akawa bibi yenu," Domo alimalizia, akalinyanyua shoka kutoka ukutani, akaliinua juu ya kichwa kwa mikono miwili. "Bibi aliyewasuka nywele, akawakata kucha, akawatukana mkichelewa kula. Kwa shoka hili hili alikata vidole vya mwanaume, pigo moja, kwa ajili ya mwanawe! Sasa nani anaamini?"

"Weka shoka chini, Domo," alisema Dada. "Utajikata."

Wote wakageuka. Dada alikuwa amesimama, mikono inadondosha maji.

"Kijiti," alisema, "mwambie mjomba wako bibi akikusuka ulikuwa unakaa wapi."

"Chini," Kijiti akasema. "Sakafuni kabisa, na yeye kwenye kigoda. Wote alikuwa anatukalisha chini. Mkono wake wa kulia ulikuwa haupandi. Ukifika hapa kwenye titi unagoma."

"Hiyo ni jela," alisema Domo. "Kufua mablanketi ya jela. Alisema mwenyewe."

"Hiyo ni bomba la chuma. Siku uliyokuwa unalinda mkokoteni." Dada alikuja mpaka mbele yake. "Pigo la kwanza lilikuwa linanijia mimi, Mama akaingia katikati. Bega lilipasuka. Nilisikia mfupa, Domo, nilikuwa nyuma yake. Ndiyo maana alimng'ata. Mkono wa kulia haukufaa tena. Usiku nilimfunga kwa shuka iliyochanwa, akauma mto asilie, wewe usisikie. Alisema sokoni wakijua yule mtu amemvunja, yeye na ndugu zake watakuja kutuchukua siku hiyohiyo. Kwa hiyo gogo likaenda nyuma ya nyama. Yeye anaita. Mimi nakata."

Kingunge alikuwa ameweka kikombe chini.

"Siku zote zile?" aliuliza.

"Siku zote. Hata hiyo." Dada aliangalia mikono yake. "Shoka lilikuwa juu tayari, nilikuwa nakata mbavu. Akaweka mkono pale, akamshika mtoto nguo. Mama akaniangalia. Akaita. Aliita kwa nguvu kuliko siku zote, nikajua anaita ili msikie nyie wote. Yule akacheka. Nikakata. Kisha Mama akanipokonya shoka kwa mkono wake mzima, akasema, 'Mtoto hatakua mama yake yuko jela. Kaa hapo, funga mdomo. Nikishafukiwa ndipo useme.'" Akavuta pumzi. "Leo amefukiwa."

"Mimi niliapa," Kingunge alisema taratibu.

"Uliapa ulichosikia, mzee wangu. Wote mliapa mlichosikia. Hata yeye hakudanganya. Alisema shoka langu, gogo langu, sauti yangu. Mkono hakuutaja."

Domo alikuwa bado amelishika shoka, lakini sasa lilikuwa limeshuka mpaka magotini. Alikuwa anajaribu kukumbuka kitu, watu walimwona anajaribu: mkono uliokunjwa kifuani juani, mtoto kwenye mkono wa kushoto, shoka kwenye mkono wa kushoto, na ule ukataji wa pigo moja uliokuwa hodari ghafla. Vyote alivisimulia yeye mwenyewe, miaka yote hii, kwa nguvu zake zote.

"Kwa hiyo yule mshenzi," alisema, "pale mahakamani..."

"Alisema kweli," Dada akasema. "Siku moja tu maishani mwake, na hakuna aliyemwamini. Wewe ulicheka kuliko wote. Ulinisaidia sana, mdogo wangu. Bila mdomo wako ningefungwa mimi."

Kijiti alikuwa amemshika mama yake kiunoni kwa nyuma, amelaza shavu mgongoni, analia bila sauti. Kisha akainua kichwa, pua imelowa.

"Mjomba," alisema, "mimi naamini yote. Kesho nakuja na gunia."

Mtu mmoja akacheka, kidogo, akaacha. Domo alishuka kwenye ndoo. Alikwenda akaliweka shoka chini miguuni kwa dada yake, mpini ukimwelekea yeye, kama inavyowekwa bucha. Dada akainama akalichukua kwa mkono wa kulia.

"Nilikosea," alisema Domo. "Shoka halikuwa mkononi mwa Mama."